Ka ya Mosoti

Homa Bay,
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwa Tata yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Mama na yule ng'ombe wenu mwenye pembe moja. Mimi ni mzima, ila mgongo unanilaumu kwa kukaa kitini siku nzima. Nimempa barua hii Maroa wa vitunguu, kwa sababu anashusha mzigo sokoni huku kila wiki na akirudi anapita hapo kwenu Suna. Simu yako najua ni ya kuangalia saa tu. Juzi nilipokupigia ulijibu "haya, haya, asante" kwa kila nililosema, hata nilipokuambia nimeolewa na Mchina. Afadhali tuandikiane kama zamani nilipokuwa bwenini.

Mama anaendeleaje? Mwezi wa kumi na moja ulitimia mwaka tangu lile shimo la dhahabu la Masara limfunike Mosoti, nami sikuweza kuja. Ninamuwaza ndugu yangu kila ninapoona mtu amevaa buti za mpira.

Sasa, shida yangu. Kuna mwalimu mstaafu wa historia anaitwa Fanuel, ameniletea daftari nne alizoandika kwa mkono nimchapie kitabu. Kinahusu dini ya Wamisri wa kale, wale wa piramidi, na anakiandika kwa Kiswahili ili watoto wa shule za huku wakisome bila kuogopa. Kazi ingekuwa rahisi, isipokuwa neno moja limemshinda. Neno lenyewe ni ka. Kila linapotokea ameacha nafasi wazi mpaka apate Kiswahili chake. Nafasi hizo zimefika sitini na tatu.

Anasema mtu huzaliwa na ka yake na kuishi nayo, na akifa, ka inabaki ikihitaji kula na kunywa. Nikamwambia hiyo ni roho. Akakataa. Nikasema basi ni mzimu. Akakataa zaidi, akasema mzimu huogopwa, na ka hakuna aliyewahi kuiogopa.

Wewe umekuwa mkalimani wa kanisa miaka thelathini, umewatafsiria wahubiri waliosema mambo wasiyoyaelewa wao wenyewe. Nisaidie. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, maana Mwalimu anataka kuliona jibu lako.

Msalimie wifi yangu Sheila. Nasikia mama yake kule Mbita hajisikii vizuri.

Binti yako,
Kemuma


Suna, Migori,
15 Februari 2024

Kemuma binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Yule anayelinda hata barabara ya vitunguu. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linasumbua asubuhi na kusamehe mchana. Masikio yangu ni yale yale: mashine ya kusaga mawe iliyachukua pale Masara kwa miaka kumi na moja, na tangu niiuze haijayarudisha. Huyo Mchina nilimsikia. Niliamua kumnyamazia.

Neno lako ni rahisi. Mungu alichukua mavumbi, akatia pumzi, mtu akawa hai. Pumzi ikitoka, mtu amelala mpaka aamshwe. Hakuna kitu cha tatu kinachobaki nyuma kikidai ugali. Mwambie mwalimu wako ajaze zile nafasi sitini na tatu kwa neno "uongo", na kitabu kitakuwa sahihi.

Nilikuwa nimemaliza hapo, lakini nimekaa na neno hilo siku tatu na halitoki. Katika ukalimani nilijifunza jambo moja. Neno likikukatalia, usiulize linaitwaje, uliza linafanya kazi gani. Kwa hiyo muulize Mwalimu Fanuel: hiyo ka, mtu akiwa mzima, inafanya nini mchana?

Ya hapa nyumbani ni yale yale. Mama yako bado anapakua sahani ya Mosoti kila jioni, anaifunika, anaiweka mezani mahali pake. Nimemwacha.

Wazee wa kina Sheila wametuma ujumbe kutoka Mbita mara ya tatu. Wao ni watu wa ziwa. Ziwa likimmeza mtu na kukataa kumrudisha, huchukua tunda la yago, lile refu zito, wakalivika shuka na kulizika kwa jina la mtu wao. Sisi watu wa milimani hatuna ziwa la kutupotezea watu, kwa hiyo hatukufundishwa la kufanya. Sheila anataka tufanye hivyo kwa Mosoti. Kwao, mwanamke ambaye mumewe amekufa na hajazikwa haingii lango la wazazi wake, na sasa mama yake anaugua. Ninamhurumia. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusimama mbele ya watu nikazika tunda. Nimemjibu hivyo na nimelifunga jambo hilo, usinifungulie. Tuongee ya Wamisri.

Ni mimi,
Tata


Homa Bay,
27 Februari 2024

Tata mpendwa,

Nafurahi kwamba goti linasamehe. Mimi sijambo, ila kichwa ndicho kinauma, na aliyekiumiza ni wewe na Mwalimu Fanuel.

Nilimsomea swali lako akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hilo ndilo alilopaswa kuuliza miaka ishirini iliyopita. Kisha akaanza kunijibu, na kila jibu lilibomoa la kwanza. Alisema kulikuwa na mungu wao mmoja mfinyanzi, aliyewafinyanga watu wawiliwawili, mtoto na ka yake. Nikasema, basi ni pacha. Nikachapa "pacha" ukurasa mzima. Akaja kesho yake akasema Wamisri hao walipomtaja mtu aliyekufa walisema amekwenda kwa ka yake. Unaendaje kwa kitu ulichozaliwa nacho? Nikafuta. Akasema tena kwamba chakula nacho huitwa kwa neno la ukoo uleule. Na alama yake katika maandishi yao ni mikono miwili iliyoinuliwa. Wapo wanaosema ni mikono ya kukumbatia, kwamba baba akimkumbatia mtoto humpa ka. Kuhusu roho, anasema Wamisri wana neno jingine lililo karibu nayo zaidi, nalo lina umbo la ndege mwenye kichwa cha mtu. Hapo nikamwomba aende nyumbani.

Kwa hiyo ni pacha, ni chakula, ni nguvu, ni kitu cha baba, ni mahali pa kwenda ukifa. Nimechanganyikiwa, Tata. Nikilala naona zile nafasi nyeupe kwenye karatasi.

Kuna mambo mawili niliyoyachapa na mkono ukasimama. La kwanza, kama mwili umepotea au umeharibika, walikuwa na sanamu iliyochongwa na kuandikwa jina la mtu, ka ikapata mahali pa kukaa. La pili ni chakula. Kila siku kiliwekwa mbele ya sanamu kwa ajili ya ka ya marehemu. Baadaye makuhani walikiondoa, wakaenda kukila wao. Hakuna aliyeona ni wizi. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

Nikaikumbuka sahani ya Mosoti. Hebu niambie, asubuhi ile sahani huwa inakwenda wapi?

Binti yako aliyechoka,
Kemuma


Suna,
4 Machi 2024

Kemuma,

Sisi ni wazima.

Nilikuomba tuongee ya Wamisri, wewe umeingia jikoni kwangu. Sahani za nyumba hii hazimo katika kitabu cha Mwalimu Fanuel. Maroa amesimama ananingoja na gari limewashwa, kwa hiyo naishia hapa.

Okari


Homa Bay,
13 Machi 2024

Tata,

Natumaini mnaendelea vizuri. Umetia sahihi kwa jina lako kama mtu anayemwandikia chifu. Nimeelewa, na naomba radhi. Sikuuliza kwa ubaya, na kuhusu sahani sitauliza tena.

Lakini lazima nikuambie la Sheila, kwa sababu najua yeye hatakuambia. Jumamosi alilala hapa kwangu, na Jumapili nikamsindikiza Mbita. Mama yake ametoka hospitali. Hawakumtoa kwa kuwa amepona, walimrudisha akapumzike nyumbani, na unajua maana yake.

Sheila hakuingia. Alisimama barabarani, nje ya ua wa minyaa, na dada zake wakambeba mama kwa kiti mpaka mlangoni. Wakatazamana. Mama akainua mkono, Sheila akainua wake. Ni mbali mno kwa mgonjwa kupaza sauti, kwa hiyo hawakuzungumza lolote. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, na watu wakipita na ndoo za omena wanatusalimu kana kwamba tunangoja gari. Kisha yule mama akachoka wakamrudisha ndani.

Tukirudi, Sheila aliniambia maneno haya nami nakuandikia kama alivyosema: "Kemuma, mimi si bibi ya mtu na si mjane. Niambie mimi ni nani. Baba yenu anasema ni kanisa. Basi hiyo kanisa ikuje inishike mkono inipeleke kwa mama."

Nikafikiri juu yako. Nimekujua miaka thelathini na minne, na sijawahi kuona kanisa likikuzuia jambo ulilokuwa unalitaka kweli. Ulichimba kisima siku ya Sabato mwaka ule wa kipindupindu, na mchungaji alipokuja kukukemea ukampa jembe.

Kweli ni kanisa, Tata?

Kemuma wako


Suna,
24 Machi 2024

Kemuma mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako yuko shambani anapalilia, ndiyo maana naandika hapa mezani bila kujificha. Mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Si kanisa.

Baada ya wachimbaji kuchimba siku tisa bila kumpata na shimo kufukiwa, mama yako alipakua chakula cha Mosoti kama kawaida. Asubuhi nikaamka kabla yake, nikaikuta sahani mezani, ugali umekauka na samaki pembeni. Ilikuwa Sabato, na wazee wenzangu walikuwa waje kuomba pamoja nasi. Nikawaza kwamba wakiiona watasema mzee Okari analisha wafu. Ningeweza kuwapa kuku, lakini mkono ulikataa kumwagia kuku chakula cha mwanangu. Nikaketi nikala. Nilikuwa sijala kitu cha maana siku nyingi, na sitakudanganya, kilikuwa kitamu.

Mama yako akaamka akaona sahani tupu. Sikusikia alichosema, lakini niliuona uso wake. Uso ule sikuwa nimeuona tangu habari ije. Akaiosha sahani huku akiimba, niliona kwenye midomo. Ningemwambia nini saa ile? Nikasema nitamwambia kesho. Jioni akapakua tena, na samaki alikuwa mkubwa zaidi.

Kesho hiyo sasa ni mwaka na miezi minne. Kila asubuhi ninakula chakula cha Mosoti kabla mama yako hajaamka. Nikigusia habari ya kuzika, ananiletea mdomo sikioni na kuniuliza: "Okari, unazika mtu anakula?" Mimi nanyamaza. Kisha namwambia Sheila ni kanisa.

Sijui kama mama yako anaamini Mosoti yu hai na amejificha mahali, au anaamini kuna kitu chake kinachokuja. Sijathubutu kumuuliza, kwa sababu swali hilo lingenigeukia mimi. Mimi niliyesimama mbele ya watu miaka thelathini nikitafsiri kwamba wafu wamelala na hawaonji kitu. Halafu wewe unaniletea makuhani wa Misri wanaokula kwa niaba ya marehemu. Niliposoma barua yako nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Na kuna hili pia. Mosoti alinifuata Masara. Kama nisingeweka mashine pale, angekuwa fundi cherehani kama alivyotaka. Nilipokuwa nikila chakula chake, wakati mwingine nilihisi namwibia mara ya pili. Wakati mwingine nilihisi yuko upande wa pili wa meza, ananingoja nimalize twende kazini. Sijui ipi ni dhambi kubwa zaidi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nishauri, wewe uliyesoma.

Tata


Homa Bay,
29 Machi 2024

Tata wangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilicheka, naomba unisamehe, nilikuona na ule mkono wako mkubwa ukichambua samaki kwa haraka kama mwizi. Mara ya pili nililia. Mara nyingine mbili sikujua nifanye nini, nikafunga ofisi, nikamwambia Mwalimu Fanuel umeme umekatika. Wala sijamwambia chochote, usiwe na hofu.

Unataka nikushauri, lakini hata mimi sioni vizuri. Upande mmoja naona umemdanganya Mama. Upande mwingine naona umekuwa ukifanya kazi ambayo mtu fulani zamani alipewa joho na heshima kwa kuifanya. Ila najua hili: Sheila anangoja barabarani, na wa kumwambia Mama ni wewe. Siwezi kuja kukusemea. Ukisubiri yule mama wa Mbita afe, hiyo nayo itakuwa sahani utakayoila kila asubuhi.

Mwambie mkiwa mnafanya kazi ya mikono. Mama husikia vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi.

Binti yako anayekupenda,
Kemuma


Homa Bay,
22 Aprili 2024

Tata na Mama,

Hamjambo? Maroa amekuja mara tatu na vitunguu, bila barua. Anasema amekuona ukipita na jembe na hukusimama. Mvua imekuwa nyingi huku, labda na kwenu pia. Mama yake Sheila ameanza kukataa chakula.

Niandikieni hata mstari mmoja.

Kemuma


Suna,
6 Mei 2024

Kemuma mwanangu mpendwa,

Tunakusalimu sisi sote wawili. Ulituacha jana jioni haraka kwa sababu ya kazi, na nyumba ilikuwa imejaa watu, kwa hiyo hatukupata kuongea. Nami kwa masikio haya afadhali niandike. Uliona mazishi, lakini hukuona yaliyotangulia.

Nilimwambia Jumatatu ya tarehe kumi na tano, tukipukuchua mahindi kama ulivyonishauri. Nilisema yote kwa pumzi moja. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akanisogelea sikioni akasema: "Nilijua ni wewe. Nani mwingine anapanga mifupa ya samaki kwa ukingo ya sahani namna hiyo? Chakula yako ulikuwa unakataa. Ya Mosoti ulikuwa unamaliza." Nilijisikia mwepesi, Kemuma. Nilicheka hata.

Jumatano nikamkuta amekaa chini nyuma ya ghala, analia vile ambavyo hakulia hata siku ya shimo. Akasema hakujua. Akasema aliamini kabisa ni Mosoti, na kwamba Jumatatu alisema vile kwa aibu, au kwa kunihurumia, sikushika vizuri. Ijumaa nikamuuliza ni lipi la kweli. Akasema yote mawili. Miaka thelathini ya ukalimani na hilo sikuweza kulitafsiri. Labda kulikuwa na asubuhi alizojua na asubuhi ambazo hakujua. Au mimi ndiye ninayependa iwe hivyo.

Baada ya hapo hakupakua sahani yoyote ya ziada na hatukusemezana zaidi ya "chukua" na "leta". Ndiyo maana hukupata barua. Nisingejua niandike nini.

Alhamisi ya tarehe ishirini na tano alikuja akasimama mbele yangu ili nione midomo yake. "Kama ni wewe ulikuwa unakula, mtoto yangu amekaa na njaa mwaka mzima. Itisha hao watu ya Mbita. Azikwe apumzike." Nilikwenda kwa Sheila siku hiyo hiyo. Nilimwambia kwamba haikuwa kanisa, ilikuwa mimi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana kidogo.

Kanisani nilikwenda mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu. Nimewekwa kando kwenye uzee wa kanisa na ukalimani mpaka watakapoona vingine. Mchungaji hakuja kwenye mazishi, lakini uliona hema na viti: vilikuwa vya kanisa, alivituma yeye.

Hukuniuliza kwa nini nilichelewa kulishusha lile yago kaburini. Mama yako alikuwa amelivika shati la Mosoti ndani ya shuka, nami sikuambiwa. Nilipolipokea nilihisi vifungo. Lina uzito, Kemuma, uzito wa Mosoti alipokuwa wa miezi sita na hataki kulala. Najua ni tunda. Nilijua wakati wote ni tunda. Hata hivyo nililishika kama mtu anayeshika mtoto, na nilipolitoa mikono yangu haikujua pa kwenda.

Kuhusu neno la Mwalimu Fanuel, mwambie nimeshindwa. Ka si roho, si pacha, si kivuli. Nilivyoelewa mimi, ka ni ile sehemu ya mtu ambayo haiwezi kujilisha yenyewe, lazima mwingine aipakulie. Kama ndivyo, basi sijui ni ya nani iliyokuwa ikila pale mezani, ya Mosoti, yangu au ya mama yako. Sijui pia kama hapa nimeandika imani au kufuru. Neno moja la Kiswahili la kuyabeba hayo yote sina.

Wazee wa Mbita wamemnyoa Sheila na kusema zipite siku nne, kisha aende kwao. Msindikize wewe, tafadhali. Mimi naona haya kusimama kwenye lango lile.

Tata


Homa Bay,
Jumatatu, 13 Mei 2024

Tata wangu,

Nakusalimu, na Mama pia, na natumaini mmelala vizuri juzi na jana. Mimi sijambo.

Mwalimu Fanuel alisoma maelezo yako kwa sauti mara mbili. Akasema hakuna kitabu chochote alichosoma kinachosema hivyo, na kwamba wataalamu watamcheka. Kisha akaniambia, "Chapa." Nikamuuliza nichape katika nafasi zote sitini na tatu? Akasema hapana, zile ziitwe ka tu, kama wenyewe walivyoiita. Maelezo yako yataingia mara moja, mwanzoni, kama maoni ya mkalimani mmoja wa Migori. Usijivune sana.

Jana nilikwenda Mbita na Sheila. Najua umekuwa ukihesabu siku, kwa hiyo nakuandikia kabla Maroa hajamaliza kushusha mzigo.

Mama yake yu hai. Walikuwa wamemtandikia godoro kivulini kando ya mlango, kwa sababu ndani kuna joto. Amebaki mdogo sana. Uso ulikuwa umeelekea ukutani.

Tulipofika langoni Sheila akasimama. Nikadhani anangoja kuitwa, kumbe ana swali. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kemuma, ile ilikuwa tunda. Kama haihesabiki?" Nilitaka kumwambia inahesabika, lakini sijui inahesabika kwa nani, wala sijui nani anayehesabu. Nikamshika mkono tu. Dada zake walikuwa wametuona, na hata wao hawakusema ingia wala ngoja. Kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake.

Basi mmoja wao akainama akamwambia mama yao kwamba Sheila amefika. Yule mama akakigeuza kichwa pole pole. Alitutazama kwa muda mrefu, hata nikadhani hamtambui. Halafu akauliza kwa lugha yao, nami nilielewa kwa sababu lilikuwa swali fupi:

"Mmemzika?"

Sheila akajibu akiwa palepale langoni, "Tumemzika, Mama."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Mama akafumba macho kupumzika, kisha akayafumbua tena.

"Sasa mbona unasimama kwa jua? Ingia."

Akaingia, Tata.

Binti yako,
Kemuma